Ainisho Fupi la Mashine Zinazobembeleza Ubongo Baada ya Kiharusi

Dibaji: haja ya elimu hii

Mwaka 1735 Carl Linnaeus wa Uswidi alichapisha kitabu akawapanga viumbe kwa himaya, madaraja, oda, jenasi na spishi. Tangu hapo hakuna mdudu aliyesalimika. Kila kitambaacho kina jina la Kilatini, na ukoo wake unajulikana. Mashine za kuchokoa ubongo hazijapata heshima hiyo. Zipo za sumaku, zipo za sifongo, zipo za waya uliofukiwa kifuani, na zipo kofia zinazodai kusoma nia ya mtu. Zote hutajwa kwa pumzi moja katika taarifa za redio, na ndugu wa mgonjwa hubaki akiuliza kama zinapatikana Kariakoo. Makala haya yamekusudia kuiondoa aibu hiyo.

Tuanze na fasili, kwa kuwa mwanazuoni asiyefasili ni mpiga soga tu. Kiharusi ni ajali ya damu ubongoni: mshipa huziba au hupasuka, na sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo hufa. Kwa kuwa njia za amri hupishana kabla hazijaingia uti wa mgongo, kiharusi cha upande wa kushoto huulaza mkono wa kulia. Tuweke wazi kwamba mkono wenyewe hauna kosa lolote. Misuli ipo, mifupa ipo, neva za mkononi zipo. Kilichokatika ni amri. Kwa hiyo kila mashine itakayopita mbele yetu ina kazi moja kati ya mbili: kumzindua mtoa amri, au kuipokea amri na kuipitisha njia nyingine.

Vigezo vya kuainisha

Vigezo ni vitatu. Cha kwanza ni adabu ya mazungumzo: je, mashine inasema na ubongo au inausikiliza? Hapo tunapata oda mbili, Wasemaji na Wasikilizaji. Cha pili ni makazi: nje ya mwili au ndani. Cha tatu kinaonekana cha kipuuzi: mgonjwa mwenyewe anafanya nini wakati mashine inafanya kazi? Wenye haraka watatamani kukiruka kigezo hiki. Wasikiruke.

Visukuku

Ainisho lolote lenye heshima lina visukuku, na chetu kikongwe ni samaki. Scribonius Largus, tabibu wa Kirumi wa karne ya 1, aliagiza mwenye maumivu ya kichwa yasiyokwisha awekewe samaki aina ya taa mwenye umeme, angali hai, pale panapouma, mpaka ganzi iingie. Hapakuwa na waya, betri wala fomu ya ridhaa.

Kisukuku cha pili ni cha London, mwaka 1803. Giovanni Aldini, Mwitaliano, alipitisha umeme kwenye maiti ya mtu aliyenyongwa. Taya likatetemeka, jicho moja likafunguka, na waliohudhuria wakarudi makwao na habari ya kusimulia. Maiti hakupata nafuu.

Kisukuku cha tatu ndicho babu wa kweli. Mwaka 1870, mjini Berlin, Gustav Fritsch na Eduard Hitzig waligusa gamba la ubongo wa mbwa kwa umeme hafifu, na miguu ya upande wa pili ikasogea. Hapo ikathibitika kuwa amri ina anwani. Kila mashine ya leo inabisha hodi kwenye anwani hiyo au kwa jirani yake.

Oda ya kwanza: Wasemaji

Jamii ya Wagongaji. Mgongaji wa kwanza alionekana Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, mikononi mwa Anthony Barker na wenzake. Alama za kumtambua ni koili ya waya, mara nyingi yenye umbo la nambari nane, iliyofunikwa plastiki na kuunganishwa kwa kebo nene na kabati la umeme. Mkondo mkubwa hupita kwenye koili kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uga wa sumaku huzaliwa, huvuka ngozi na fuvu bila kukwaruza kitu, kisha huamsha umeme mdogo kwenye gamba la ubongo. Mlio wake ni mkavu na mfupi: ta! Koili ikikaa barabara juu ya eneo la mkono, kidole gumba cha upande wa pili huruka chenyewe, na mwenye kidole hukitazama asiwe na la kusema.

Jamii hii ina spishi mbili. Mgongaji wa Haraka hutoa mapigo matano au zaidi kwa sekunde, na kazi yake ni kuamsha. Mgongaji wa Polepole hutoa pigo moja kwa sekunde, na kazi yake ni kutuliza. Utauliza, ya nini kumtuliza mtu ambaye tayari mkono wake umelala? Nadharia inasema nusu mbili za ubongo ni ndugu wawili waliorithi nyumba moja. Kila mmoja humnyamazisha mwenzake kidogo, na nyumba inakalika. Mmoja akiugua, yule mzima hupata sauti kupita kiasi na kumkandamiza mgonjwa. Basi mgonge mzima polepole atulie, naye mgonjwa apate nafasi ya kusema.

Ni nadharia nzuri, inayochorika vizuri ubaoni. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Marekani liitwalo NICHE, lililowachukua watu 199 wenye mkono dhaifu. Baadhi walipata mapigo ya kweli upande mzima wa ubongo, wengine wakawekewa koili bandia, na wote wakafanyishwa mazoezi. Miezi sita baadaye, asilimia 67 ya waliogongwa walikuwa wamepiga hatua ya maana. Wasiogongwa? Asilimia 65. Mwanazuoni mwenye haya hawezi kujenga mnara juu ya mbili kwa mia. Zipo tafiti ndogo ambamo Mgongaji alifanya vizuri kuliko hapo, lakini ukubwa wa jaribio nao ni hoja.

Jamii ya Walowanishaji. Makazi yao ni sifongo mbili zilizoloweshwa maji ya chumvi, kila moja ikiwa na elektrodi ya raba. Moja hufungwa juu ya eneo la mkono, nyingine kwenye paji la uso, kwa ukanda unaozunguka kichwa. Miliampia 1 au 2 hupita kwa dakika kama 20. Michael Nitsche na Walter Paulus wa Göttingen, Ujerumani, walionyesha mwaka 2000 kwamba mkondo hafifu wa namna hii unaweza kuufanya ubongo uwe mwepesi au mzito wa kuitika. Mlowanishaji hafyatui seli. Huisogeza karibu na kufyatuka, kisha akaiachia uamuzi.

Tumtazame kwa karibu. Mgonjwa ameketi, ukanda umekaza, na tone la maji ya chumvi linashuka kutoka kwenye sifongo, linapita nyusi, linafutwa kwa kipande cha shashi. Swichi inawashwa. Ngozi chini ya sifongo inaanza kuwasha na kuchomachoma, kisha baada ya muda muwasho unafifia. Hapa ndipo ulipo ujanja wa watafiti. Aliyepangiwa kifaa bandia huwashiwa mkondo kwa nusu dakika hivi, akapata muwasho wake kamili, halafu mkondo ukazimwa kimyakimya huku dakika zikiendelea kuhesabiwa. Wa kweli na wa bandia wote hutoka wakiapa kuwa wamepitishiwa umeme.

Swali la kiasi gani cha umeme huo hufika ubongoni limeleta ubishi. Kundi la mtafiti György Buzsáki lilipima kwa kutumia maiti, na mwaka 2018 likaripoti kuwa sehemu kubwa ya mkondo huishia kwenye ngozi, tishu laini na fuvu. Wapo wanaojibu kuwa kidogo kinachopenya kinatosha kushawishi. Ubishi unaendelea, na Mlowanishaji anaendelea kuuzwa.

Kuna pia nususpishi ya mwituni: betri ya volti 9, waya mbili, na kijana aliyetazama video. Nususpishi hii huunguza ngozi. Ainisho limeitaja ili msomaji aitambue mapema na akae nayo mbali.

Jamii ya Waliofukiwa. Hawa huhitaji kisu. Wa kwanza kupata sifa alitoka kampuni ya Northstar Neuroscience ya Seattle. Elektrodi ilipachikwa juu ya utando wa ubongo, karibu na eneo la mkono, ikawa inafanya kazi wakati wa mazoezi. Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa jaribio kubwa la kifaa hicho halikufikia lengo lake, na kampuni haikudumu.

Wa pili hakuugusa ubongo kabisa. Alipitia shingoni. Elektrodi huzungushwa kwenye neva ya vagasi upande wa kushoto, na waya hushuka chini ya ngozi hadi kwenye betri iliyofukiwa kifuani. Mgonjwa anapofanya tendo, tuseme kukamata kikombe, mtaalamu wa fiziotherapia anabonyeza kitufe. Neva hutikiswa kwa nusu sekunde, na ubongo humwaga kemikali zinazousaidia kushika kile kilichofanyika wakati huohuo.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet. Watu 108, walioishi na kiharusi kwa miezi tisa hadi miaka kumi, walipachikwa kifaa, wote. Kwa nusu yao kilifanya kazi, kwa nusu nyingine kilikaa kimya. Walifanya mazoezi mazito kliniki, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. Kwenye kipimo cha Fugl-Meyer, ambapo mkono wenye afya hupata alama 66, waliotikiswa walipanda kwa wastani alama 5.0, na ambao kifaa chao kilinyamaza walipanda 2.4. Agosti mwaka huohuo mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani ikakiidhinisha. Alama tano si muujiza. Lakini ni alama tano kwa watu ambao wengi wao walishaambiwa kuwa muda wao wa kupona umepita.

Msomaji mwangalifu ameshaona kitufe kiko mkononi mwa nani, na kinabonyezwa lini. Akumbuke.

Oda ya pili: Wasikilizaji

Oda hii ina nasaba ya Kijerumani. Hans Berger wa Jena alinasa umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, akakaa nao kimya miaka mitano, akautangaza mwaka 1929. Umeme wenyewe ni mdogo mno, wa kupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Mwaka 1973 Jacques Vidal wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, akauliza: kwa nini kompyuta isiusome na kuutii?

Jamii ya Wadukizi. Hawa huvaliwa kichwani, kofia yenye elektrodi na jeli, na hudukiza kupitia fuvu. Kazi yao inategemea jambo la ajabu kidogo. Mtu aliyepooza mkono akinuia kuufungua, hata kama hakuna kidole kinachosogea, mawimbi fulani juu ya eneo la mkono hupungua nguvu. Kompyuta inaukamata upungufu huo na kuiamrisha glavu yenye mota ifungue vidole. Nia imetoka, vidole vimefunguka, na ubongo umepata habari kuwa vimefunguka. Duara lililokatwa na kiharusi limeungwa upya, ijapokuwa kwa mzunguko wa nje.

Jaribio la Tübingen lililochapishwa mwaka 2013 linastahili kuwekwa mezani na kutazamwa pande zote. Watu 32 wenye kiharusi cha muda mrefu walivaa kofia na kifaa cha mkononi. Kwa kundi moja, kifaa kilisogea nia ilipojitokeza. Kwa kundi la pili, kifaa kilisogea ovyo, bila uhusiano na nia. Kofia ile ile, kifaa kile kile, mazoezi yale yale baada yake. Waliofuatwa na kifaa walipata nafuu kuliko waliosogezwa ovyo. Maana yake, kusogezwa mkono peke yake hakutoshi, na kunuia peke yake hakutoshi. Lazima vikutane.

Spishi ya St. Louis, Marekani, imekuja na tabia ya pekee. Imetokana na kazi ya Eric Leuthardt wa Chuo Kikuu cha Washington cha mjini humo, na kampuni ya Neurolutions iliiita IpsiHand. Yenyewe hudukiza nusu nzima ya ubongo, ile ambayo kwa kawaida haiutawali mkono uliolala. Ni sawa na kusema tumeacha kumgongea aliyezirai, tukamwomba jirani atume ujumbe. Iliruhusiwa Marekani Aprili 2021 kwa watu wazima waliofikisha miezi sita tangu kiharusi.

Jamii ya Wakalimani. Hawa hukaa ndani ya fuvu, na wateja wao ni wale ambao kiharusi kiliwapiga kwenye shina la ubongo, wakabaki na akili kamili ndani ya mwili usiotii. Mhariri Mfaransa Jean-Dominique Bauby, aliyepatwa na hali hiyo Desemba 1995, alitunga kitabu kizima kwa kupepesa kope ya jicho la kushoto, herufi moja baada ya nyingine. Mkalimani wake alikuwa mtu mwenye subira. Wakalimani wa leo ni sindano na elektrodi.

Mwaka 2012 jarida la Nature lilichapisha habari za mradi wa BrainGate. Mwanamke aliyepooza viungo vyote kwa karibu miaka 15 alikuwa na kipande chenye sindano 96 kwenye gamba la ubongo, kidogo kuliko kidonge cha aspirini. Kwa nia tu aliuelekeza mkono wa roboti: ukaishika chupa ya kahawa, ukaileta mdomoni, akavuta kwa mrija, ukairudisha mezani. Mwaka 2023 kundi la Edward Chang wa San Francisco likaripoti mwanamke mwingine, aliyenyamazishwa na kiharusi mwaka 2005, akisema kupitia elektrodi 253 na sura ya kompyuta, kwa kasi ya maneno 78 kwa dakika. Sauti ilitengenezwa kwa kufuata yake mwenyewe, kutoka kwenye video ya harusi yake.

Wapinzani watasema Mkalimani si wa ainisho hili, maana haponyi mkono wala ulimi, hukwepa palipovunjika. Hoja hiyo ni sahihi, na haimsaidii chochote aliyekuwa na kiu ya kahawa. Anabaki.

Jamii ya fujo: Bandia

Sasa tumefika kwa kiumbe anayewanyima wanazuoni usingizi. Bandia anafanana na wenzake kwa kila kitu: ana koili, ana sifongo, ana kofia. Umeme wa kutosha ndio hana. Hupatikana katika kila jaribio zuri, maana bila yeye jaribio si zuri. Na ana tabia moja ya ukaidi: wagonjwa wake hupata nafuu. Wale asilimia 65 ni wake.

Sababu si mazingaombwe. Katika wiki na miezi ya mwanzo ubongo hujitengeneza kwa kiasi wenyewe. Tena wagonjwa wa Bandia hufanya mazoezi yale yale, kwa saa zile zile, mbele ya mtu anayewahimiza. Kwa kigezo cha kwanza, Bandia hasemi wala hasikilizi, basi hana oda. Kwa kigezo cha pili, ana makazi lakini hayupo nyumbani. Kwa kigezo cha tatu tu ndipo anapata nafasi, na nafasi yake iko juu.

Spishi isiyo na plagi

Yupo kiumbe mwingine aliyeonekana katika kila jamii tuliyopitia, akiwa amesimama pembeni, bila kuainishwa. Huvaa viatu vya raba, hana betri, na mlio wake ni "tena". Ni mtaalamu wa fiziotherapia. Edward Taub wa Alabama alimpa silaha rahisi kuliko zote humu: mvishe mgonjwa glavu nene kwenye mkono mzima, ili ule uliolala ulazimike kufanya kazi. Jaribio la EXCITE la mwaka 2006, lenye watu 222, lilionyesha kuwa wiki mbili za ukali huo ziliwafaa kuliko huduma ya kawaida, na faida ikaonekana hata mwaka mmoja baadaye.

Ufunguo wa kutambua spishi uwandani

1. Je, kitu kilicho mbele yako kina umeme? Kama hakina, nenda 2. Kama kinao, nenda 3.

2. Je, kinasema "tena"? Kikisema, ni mtaalamu wa fiziotherapia, usimwache aondoke. Kisiposema, ni kiti. Inuka.

3. Je, mgonjwa anatakiwa kujitahidi wakati kifaa kinafanya kazi au mara tu baada yake? Kama ndiyo, nenda 4. Kama anatakiwa alale tu, okoa nauli yako.

4. Je, kimewahi kupambanishwa na Bandia katika jaribio kubwa, na kikashinda? Kama ndiyo, zungumza na daktari. Kama bado, ni cha watafiti; shiriki ukitaka, lakini usikilipie.

5. Popote ulipoishia, jiulize: je, muuzaji anasema mazoezi hayahitajiki? Huyo hayumo katika oda yoyote iliyotajwa humu. Spishi yake ni kongwe kuliko umeme, na inapatikana kila soko.

Hukumu

Tukipanga upya kwa kigezo cha tatu, jengo lote la oda na jamii linaanguka na kubaki makundi mawili: mashine zinazomdai mgonjwa juhudi kwa wakati ule ule, na mashine zinazomwacha amelala. Kitufe cha neva ya vagasi na kifaa cha Tübingen viko kundi la kwanza, na ndivyo vilivyomshinda Bandia. Tusitie chumvi: kile cha Seattle nacho kilikuwa kundi hilo, na kilishindwa. Juhudi ni sharti, si dhamana. Lakini bila juhudi hakuna umeme uliowahi kufundisha mkono kushika kijiko.

Jambo hili linatuhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulihesabu viharusi vipya Tanzania: kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri, takriban 109 wilayani Hai na 316 Dar es Salaam, kiwango cha jijini kikiwa miongoni mwa vikubwa vilivyowahi kurekodiwa duniani. Wengi wa hao hawatakutana na Mgongaji wala Mdukizi. Kilichofanya kazi ndani ya mashine zile, yaani tendo lenye maana, kurudiwa mamia ya mara, mgonjwa akinuia na mtu akimsimamia, hakihitaji fuvu kutobolewa.

Basi, ndugu wa mgonjwa, daktari akisharuhusu, usimlishe kila tonge kwa huruma. Mpe kijiko kwenye mkono uliolala, umshike kiwiko, umwambie tena. Na wewe ambaye bado una mikono miwili mizima, kapime presha wiki hii, maana presha iliyopanda bila kutibiwa ndiyo mwajiri mkuu wa mashine zote zilizoainishwa hapa.